KIDONGE CHAKO SI CHAKO PEKE YAKO

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi leo naongeza kuwa wakati mwingine kikulacho ki ndani ya sanduku lako la bwenini, kimefungwa kwa karatasi ya daftari, nawe unakiita dawa.

Ndugu msomaji, kabla hujafungua kurasa za mbele ukatafute vichekesho na vitendawili, hebu nipe dakika zako chache. Katika bweni letu palikuwa na mkebe. Ulikuwa mkebe wa majani chai, nao ulikaa juu ya kabati mahali ambapo kila mtu aliufikia. Yeyote aliyetoka hospitalini akabakiwa na vidonge alivitia humo. Mlikuwa na kapsuli za rangi mbili, vidonge vyeupe, vya manjano, na vingine ambavyo hata jina havikuwa nalo. Ukiumwa na koo, unapewa viwili. Ukiendesha, unapewa vitatu. Ukipata mafua, unachagua mwenyewe rangi inayokupendeza. Aliyepona aliusifu mkebe, na asiyepona aliambiwa ati amemeza chache. Hakuna aliyeuliza dawa ile ni ya nini. Sisi tuliona huo ndio undugu wenyewe. Si tulifundishwa kwamba kutoa ni moyo?

Muhula wa pili wa mwaka jana mwenzetu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alishikwa na homa. Kichwa kilimgonga, tumbo likamsokota, na hata siku ya nyama hakutaka chakula. Badala ya kumpeleka kwa nesi, tulimfungulia mkebe. Homa ikashuka siku mbili, tukajipongeza. Siku ya tatu ikarudi, nasi tukampa vidonge vya rangi nyingine. Kufikia wiki ya pili alikuwa hawezi kupanda ngazi za bweni bila kushikwa mkono.

Alipofikishwa hospitalini, swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Umemeza nini?" Mgonjwa alinyamaza, nasi tuliomsindikiza tukatazama sakafu. Daktari akatueleza kwamba vidonge vilivyotangulia vinaweza kuwafanya bakteria walio katika damu wakatae kuota maabarani, hata ugonjwa usijulikane upesi. Walipoota hatimaye, ikawa ni homa ya matumbo, ile tunayoiita taifodi, tena dawa tatu za kawaida zilizojaribiwa juu yao hazikuwatikisa. Ilibidi atibiwe kwa sindano siku nyingi. Alikosa mitihani ya katikati ya muhula, na mamake akauza ng'ombe aliyekuwa akikamwa. Mwenzetu yu hai, Mungu ashukuriwe, na twasoma naye darasa moja. Lakini ng'ombe hakurudi.

Siwezi kusema kwamba mkebe wetu ndio uliowafanya bakteria wale kuwa sugu. Pengine aliwameza wakiwa tayari sugu, katika maji au chakula kilichochafuliwa. Ninachojua ni kwamba mkebe ulimchelewesha, na kwamba mikebe kama ule wetu, nchi nzima na dunia nzima, ndiyo inayolisha ugonjwa wa namna hii. Basi maoni yangu ni haya, nayasema waziwazi: dawa ya kuua bakteria si mali ya mtu mmoja, na anayeimeza ovyo hajidhuru yeye tu. Wako wanaosema, "Mwili ni wangu, pesa ni zangu, we yakuhusu nini?" Yanihusu sana. Wacha nieleze kwa nini.

Yuko Mkenya mmoja ambaye ningependa tumjue kama tunavyowajua wanariadha wetu. Ni Profesa Samuel Kariuki, mtafiti wa vijidudu aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI. Sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kuchunguza jeni za bakteria waitwao Salmonella, wakiwemo Salmonella Typhi wanaoleta homa ya matumbo. Jeni, kama tulivyofundishwa katika biolojia, ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila kiumbe kwa herufi nne za DNA. Mwaka wa 2001 wanasayansi walichapisha kwa mara ya kwanza maandishi yote ya bakteria mmoja wa homa ya matumbo aliyetoka kwa mgonjwa wa Vietnam. Herufi zake ni kama milioni 4.8. Kiumbe ambacho hukioni kwa macho, na kitabu chake ni kinene namna hiyo!

Mwaka wa 2010 Profesa Kariuki na wenzake walitoa taarifa ya bakteria 323 wa homa ya matumbo waliokusanywa kutoka kwa wagonjwa wa Kenya tangu 1988 hadi 2008. Walitaka kujua mambo mawili: ni dawa gani zinazowaua bakteria hawa, na je, wana undugu gani?

Jibu la swali la kwanza linatisha. Kati ya wale 323, ni 54 tu waliouawa na dawa zote zilizojaribiwa. Wengine 74 walishinda dawa moja. Waliobaki, 195, yaani kama 60 katika kila 100, walikuwa wakishinda dawa nyingi kwa pamoja, zile zile zinazopatikana kwa urahisi: ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini na kotrimoksazoli. Isitoshe, idadi ya hao wenye usugu mwingi ilizidi kupanda kadiri miaka ilivyosonga.

Jibu la swali la pili linashangaza zaidi, na ili ulielewe nitakuuliza swali la darasani. Mwalimu anajuaje kwamba wanafunzi wawili wamenakiliana katika mtihani? Si kwa majibu sahihi, maana sahihi ni moja kwa wote. Anajua kwa makosa. Wawili wakikosea neno lile lile, kwa namna ile ile, katika mstari ule ule, basi mmoja amemtazamia mwenziwe. Watafiti nao hufanya vivyo hivyo. Bakteria anapogawanyika kuwa wawili hunakili kitabu chake chote, na mara chache herufi moja hukosewa. Kosa hilo hurithiwa na vizazi vyote vinavyofuata. Kwa hiyo bakteria wawili wenye makosa yale yale ni wa ukoo mmoja, hata kama mmoja alitoka Nairobi na mwingine akatoka Asia.

Walichaguliwa bakteria 94 wachunguzwe ukoo kwa njia hiyo. Wale waliokuwa bado wanauawa na dawa walitawanyika katika koo mbalimbali. Lakini wenye usugu mwingi, kumbe, wote walikuwa wa ukoo mmoja tu! Watafiti wanauita H58, nao ndio uliokuwa umetawala pia katika sehemu nyingi za Asia ya Kusini Mashariki. Mwaka wa 2015 watafiti wa mataifa mengi walilinganisha bakteria 1,832 kutoka nchi 63, wakathibitisha kwamba ukoo huu ulianzia Asia ya Kusini kisha ukasafiri hadi kwetu Afrika. Bakteria hana pasipoti wala haombi viza. Anasafiri tumboni mwa binadamu.

Sasa tufike penye kiini cha hoja yangu. Je, bakteria mmoja alipataje ujuzi wa kushinda dawa nne kwa mpigo? Wengi wetu tungedhani alizoea kidogo kidogo, kama mlevi anavyozoea pombe. Sivyo. Utafiti wa KEMRI ulionyesha kwamba jeni za usugu huo zilikuwa zimebebwa na plasmidi. Plasmidi ni kiduara cha DNA kinachokaa kando ya kromosomu ya bakteria, na plasmidi hizi zilikuwa za aina inayoweza kujihamisha zenyewe kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kwa lugha yetu ya shuleni, plasmidi ni "mwakenya". Ni kile kikaratasi kidogo chenye majibu, ambacho mmoja hukiingiza katika chumba cha mtihani, kisha kikapitishwa chini ya meza hadi kwa wengine. Aliyekipokea hakusoma wala hakukesha, lakini majibu manne anayo. Tofauti ni kwamba bakteria anapompa jirani yake huinakili kwanza, akabaki na yake. Kila anayegawa habaki mkono mtupu.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Japani walisumbuliwa na bakteria wa kuhara damu walioshinda dawa kadhaa kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka hiyo watafiti wao, miongoni mwao Ochiai na Akiba, waliwachanganya bakteria sugu na wale wasio sugu, wakaona usugu ukihama. Tena ulihama kati ya bakteria wa jamii tofauti: kutoka wale wapole wanaokaa tumboni bila kumdhuru mtu, hadi wale wanaoleta kuhara damu.

Soma tena sentensi hiyo iliyotangulia, maana hapo ndipo mkebe wetu unapoingia. Tumboni mwako mna bakteria wengi mno wasio na ubaya. Ukimeza antibiotiki kwa sababu ya mafua, dawa haimgusi kirusi anayeleta mafua, kwa kuwa kirusi si bakteria. Lakini inawafikia wale wapole wa tumboni. Wanyonge wanakufa, na wale wachache wenye "mwakenya" wanabaki wakizaana kwa raha, maana uwanja umekuwa wao. Wewe unapona mafua, ambayo yangepona yenyewe, unasema dawa ni kali. Kumbe umejenga ghala la majibu tumboni mwako. Siku bakteria mbaya akipita humo, ataazima. Naye akitoka, atakwenda kwa jirani yako wa kitanda cha juu, ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha mkebe.

Ama kweli inachekesha na kusikitisha. Sisi bwenini tunagawana vidonge, nao ndani yetu wanagawana jeni. Sisi tunadhani tunasaidiana, na wanaosaidiwa ni wao.

Yupo atakayesema, "Hizo ni hadithi za kutishana, dawa mpya zitapatikana." Mtu huyo namwomba atazame Pakistani. Mwaka wa 2016 katika jimbo la Sindh ulizuka mlipuko wa homa ya matumbo iliyoshinda zile dawa za zamani, ikashinda siprofloksasini, ikashinda hata seftriaksoni ambayo ni ya sindano. Watafiti waliposoma jeni za bakteria hao walikuta ni wa ukoo ule ule wa H58, walioongeza plasmidi nyingine mpya ambayo yaelekea waliipata kwa bakteria wengine wa tumboni. Dawa za kumeza zilizobaki kuwategemea wagonjwa wakawa na moja hasa, azithromaisini. Zaidi ya hapo ni dawa ghali za hospitali kubwa. Ukoo huo ndio tulio nao hapa. Mwenzako akinyolewa, chako tia maji.

Wengine watanijibu kwa hoja ya umaskini, na hoja hii siidharau hata kidogo. Mama mwenye shilingi mia mfukoni na mtoto anayechemka homa atafanya nini? Daktari yuko mbali, foleni ni ndefu, na duka la dawa liko pale pale kituoni, tayari kumuuzia kapsuli nne bila cheti. Mimi simlaumu mama huyo. Namlaumu anayemuuzia akijua kwamba anatakiwa kudai cheti cha daktari. Tena nalaumu desturi ya kumwambia kila mwenye homa kwamba ana taifodi baada ya kipimo cha haraka cha damu ambacho hukosea mara nyingi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabarani, nacho huchukua siku kadhaa na hakipatikani kila mahali. Kwa hiyo wengi wanatibiwa ugonjwa wasio nao, na "mwakenya" zinazidi kusambazwa.

Lakini sisi wa bwenini tunajitetea kwa umaskini gani? Nesi yuko umbali wa hatua mia mbili. Hatumwendei kwa sababu tunaogopa kuambiwa tunakwepa prepu, au kwa sababu mkebe uko karibu zaidi. Huo si umaskini, ni uvivu. Nami nikiwa mmoja wao nakiri.

Basi tufanye nini? Mimi nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji harambee.

La kwanza, mikebe yote ifungwe. Vidonge vilivyobaki vipelekwe kwa nesi, visitupwe chooni wala kwenye shimo la takataka. Mtu akiandikiwa dawa, ameze yeye mwenyewe kama daktari alivyoandika, wala asimgawie mwenziwe hata kama ni pacha wake.

La pili, naomba kwa heshima zote walimu wetu wa zamu: mwanafunzi akisema anaumwa, aruhusiwe kwenda kwa nesi kabla ya kuulizwa maswali kumi. Najua wapo wanaojisingizia. Lakini mmoja mgonjwa wa kweli akirudishwa darasani kwa dhana, tutakuwa tumemwelekeza mkebeni.

La tatu, maji na sabuni. Homa ya matumbo hupita kutoka choo hadi mdomo kwa njia ya mikono, maji na chakula. Utafiti wa Profesa Kariuki na wenzake uliochapishwa mwaka wa 2021, uliofanywa kwa watu wa mtaa mmoja wa Nairobi, uliwapata bakteria hawa hata kwa watu wasio wagonjwa. Yaani mtu anaweza kuwa mzima kabisa, anacheza mpira na kula githeri, na huku anawabeba. Huwezi kumtambua kwa macho. Kwa hiyo mfereji ulio karibu na vyoo vyetu, ambao umekauka tangu muhula wa kwanza, si jambo dogo. Bakteria ambaye hakuingia mdomoni hahitaji dawa, awe sugu asiwe sugu. Serikali nayo imeanza: mwezi wa Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Ni jambo la kushukuru, na wadogo zetu nyumbani wachanjwe. Lakini wengi wetu tulikuwa tumeshapita umri huo. Kinga yetu ni ule mfereji.

La nne linahusu chama chetu hiki cha Kiswahili. Haya yote niliyoyaandika niliyapata kwa Kiingereza, kwa msaada wa mwalimu wetu wa biolojia aliyekubali kukaa nami baada ya vipindi. Mamake mwenzetu aliyeuza ng'ombe hajui Kiingereza. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa lugha anayoisikia kwamba kapsuli nne za dukani zinaweza kumlea adui. Twajisifu kila mwaka kwa mashairi na ngonjera, na tuendelee, maana ni urithi wetu. Ila lugha isiyoweza kumweleza mama maradhi ya mwanawe tumeifanyia kazi nusu. Napendekeza kila mwanachama, likizo ijayo, amweleze mtu mmoja tu nyumbani habari ya plasmidi kwa maneno yake mwenyewe. Akiona neno hilo ni gumu, aseme "mwakenya" ya bakteria. Nimekwisha jaribu kwa nyanya yangu. Alicheka, kisha akaniambia nimletee kile kifuko cha vidonge anachokificha chini ya mto.

Nikitamatisha, narudia lile nililoanza nalo. Profesa Kariuki na wenzake walihitaji bakteria wa miaka ishirini ili watuonyeshe jinsi dawa zetu zilivyopotea. Sisi hatuhitaji miaka ishirini kufunga mkebe. Ule wa bweni letu tuliupeleka kwa nesi Jumatatu ya wiki ya pili ya muhula huu. Tulihesabu vidonge 61 ndani yake, vya rangi saba. Bweni lenu je, limehesabu?